Gari la Kwenda Mbele

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nimeamua. Nanunua gari!

Sababu ni macho ya mama mkwe wangu, Bi Siti, ninayeishi naye. Alhamisi asubuhi madaktari wa macho watakuwa Chake Chake kutoa mtoto wa jicho, na jina lake limo. Akikosa safari hii, hakuna ajuaye watarudi lini. Bodaboda hapandi tena. Mara ya mwisho buibui lake lilinasa kwenye gurudumu, tukamnasua barabarani kama samaki wavuni. Kazaliwa Kisiwa Panza, kavuka bahari chafu tangu mchanga, lakini pikipiki anasema ni chombo cha waliochoka kuishi.

Jirani yangu Kificho ana gari. Kasema atatupeleka, niseme tu. Nikamshukuru. Sitasema. Mwaka jana mke wangu Moza alipozidiwa, nilipiga hodi nyumba tatu kuomba gari. Lilipatikana. Hatukuchelewa, siku zake tu zilikuwa zimefika. Lakini njia nzima alininong'oneza kwamba tunawasumbua watu. Zile hodi bado nazisikia.

Karafuu mwaka huu zimekubali. Leseni ninayo, ya siku nyingi. Moza alikuwa akisema leseni bila gari ni hatamu bila punda.

Kificho akaniusia: nenda na fundi, liwashe likiwa baridi, liendeshe mbele na nyuma, lipandishe mlima, tazama kadi ina jina la nani. Nikaitikia kila neno kama mwanafunzi. Fundi wa nini? Fundi atatangazia kijiji kizima kitu nilichonunua kabla sijakinunua. Mimi nina mbinu yangu.

Jumapili, 6 Oktoba

Wete. Muuzaji anaitwa Fahmi, kijana mcheshi, magari yake kayapanga kiwanjani karibu na bandari. Mbinu: kumwambia namnunulia kaka yangu aliyeko Maskati. Mwenye watu Maskati huheshimiwa.

Niliheshimiwa! Nikaletewa kiti, nikaletewa soda, feni ikageuziwa kwangu. Kisha bei ikapanda. Fahmi akasema mtu wa Maskati hauziwi kwa bei ya chini, ni kumvunjia hadhi.

Nikatoka nje, nikaweka simu sikioni, nikazungumza na kaka nisiyekuwa naye. Nikarudi na uso mzito, nikasema biashara ya kaka imeanguka leo hii. Fahmi akainua mikono, akamwombea dua ndefu sana. Nikaitikia amina. Bei haikushuka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mbinu ya pili: kulidharau gari. Nililolitaka ni dogo, la rangi ya fedha, isipokuwa mlango wa mbele kushoto ni wa kijani, umetoka gari jingine. Nikasema lina kutu. Fahmi akasema kweli. Nikasema viti vimechakaa. Akasema kweli kabisa, ami, tena afadhali nisilichukue, kuna mwalimu anakuja kulilipia saa saba. Mwalimu! Nililipa kabla ya adhuhuri.

Lakini nililijaribu kwanza, nisisingiziwe. Nilijaribu milango. Yote minne, na kuirudia. Moza hakupenda mlango ugongwe. Wa chumbani kwetu aliufunga kwa viganja viwili, kana kwamba ndani kuna mtoto kalala, na mtoto hatukujaaliwa. Ule wa kijani ndio unaofungika taratibu kuliko yote. Hapo ndipo roho yangu ilipotua. Kisha nikazunguka kiwanja, mbele, mizunguko ya kutosha. Breki inashika. Honi ipo. Kitu gani tena?

Nikafika kijijini mvua imekwisha kunyesha. Uchochoro wetu mtupu, majamvi ya karafuu yote yameanuliwa. Nikapanda na gari mpaka mlangoni kwangu, mwisho wa njia, pasipo na pa kugeuzia, pua ikaelekea banda la kuku. Watu wakatoka kutazama. Kificho akalizunguka, akauliza fundi alisemaje. Nikasema fundi karidhika.

Bi Siti akalipapasa kutoka taa hii hadi taa ile. Akauliza ni la rangi gani. Nikasema la fedha. Kijani sikukitaja.

Jumanne, 8 Oktoba

Jua kali. Uchochoro mzima umeanikwa karafuu, kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani, kila nyumba na jamvi lake. Usiku hufunikwa maturubai kwa ajili ya umande. Huanuliwa mvua ikija tu, maana uchochoro unateremka na ndio njia ya maji. Nilisahau. Nimezaliwa hapa, nikasahau!

Nikaona hilo dogo. Nijisogeze nyuma kidogo kwanza, mkono uzoee. Nikatia rivasi. Gari likanguruma, likatetemeka, likakaa palepale. Nikahangaika na gia, nikakanyaga mafuta kwa hasira. Likaruka mbele. Banda la kuku halipo tena. Kuku wote wazima, jogoo tu hataki kuzungumza na mtu.

Nikampigia Fahmi. Akaniuliza kama niliijaribu rivasi kabla ya kununua. Nikasema nilijaribu milango. Akasema, "Ami, wewe ulitaka gari la kwenda au la kurudi?" Giaboksi, akasema, itaagizwa Dar, na wiki hii haiwezi kufika.

Bi Siti akauliza kishindo kile cha nini. Nikasema kuku wanagombana.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbinu kubwa! Uchochoro si unateremka? Nikitia nyutro na kuachia hendibreki, gari litarudi nyuma lenyewe, na hakuna atakayejua. Kinachozuia ni majamvi tu. Na kinachoondoa majamvi ni mvua tu.

Baada ya adhuhuri nikajibanza nyuma ya mgomba, nikapiga kelele: mvua! Mvua hiyoo!

Sijapata kuona watu wepesi namna ile. Waliokuwa wakichambua, waliokuwa wakipika, aliyekuwa na povu la sabuni kichwani, wote wakadaka pembe za majamvi. Njia ikawa nyeupe. Nikakimbilia gari.

Kumbe nilikuwa nimeacha milango wazi lipate upepo. Bi Mize, jirani wa mlango wa pili, shoga wa Moza tangu utoto, akaona paa la karibu kuliko yote ni langu. Akamimina karafuu zake kiti cha nyuma. Wenzake wakamfuata. Nilipofika, kiti cha dereva kilikuwa hakionekani.

Kisha kila mtu akatazama juu. Hata wingu la kusingizia hakuna. Bi Mize akaniuliza mvua iko wapi. Nikasema goti langu huwa halikosei. Akasema basi goti hilo lipelekwe Chake kesho pamoja na macho. Wakacheka mpaka wakakaa chini, halafu wakaanika upya, majamvi yaleyale, palepale. Mimi nikachokoa makonyo ya karafuu kwenye viti hadi Magharibi. Kificho akapita, akauliza gari lina nini mbona halitoki. Nikasema linapumzika.



Alhamisi, 10 Oktoba

Bi Siti aliwahi garini mapema, kiti cha mbele, buibui jipya, marashi. Mlango wa kijani aliufunga mwenyewe, kwa viganja viwili. Kumbe Moza alijifunza kwake.

Mimi nikawa natafuta ufunguo. Ulikuwa mfukoni. Nikautafuta uvunguni, nikautafuta kwenye mtungi. Jua likazidi kupanda. Nikakaa jikoni nikawaza nimwambie madaktari wameahirisha. Maneno yalikwisha kufika mdomoni. Kikongwe asiyeona, kajitia marashi, nami niko tayari kumwacha gizani kwa sababu ya hodi moja! Na bado nikakaa.

Ndipo nikasikia sauti yake, ile ya kumwitia mtu wa chombo cha pili baharini: "Mize! Mize, mwanangu! Mkwe wangu kanunua gari lisilojua kurudi! Njoo unitoe, macho yananingoja!"

Alijua! Tangu banda la kuku. Akaniambia baadaye kwamba asiyeona husikia, hata simu, na kuku hawagombani kwa kelele za bati.

Bi Mize akaja hadi mlango wa jikoni. Safari hii hakucheka. "Ewe shemeji," akasema, "si ungesema tu?" Akageuka, akakunja jamvi lake. Mwenziwe akakunja lake. Jamvi baada ya jamvi, karafuu hazijakauka hata nusu, mpaka barabarani. Hakuna aliyenung'unika. Mmoja tu aliuliza kama goti langu limekubali.

Nikaingia garini, nikatia nyutro, Kificho akasukuma kwa mbele. Hakuuliza fundi alisemaje, na hilo liliniuma kuliko kama angeuliza. Bi Siti akateremka kinyumenyume uchochoro mzima kama bibi harusi, akizisalimia nyumba asizoziona, akizitaja kwa majina. Bi Mize akampigia kigelegele.

Tulifika. Tulipokaa tu, akaitwa. Nikamngoja mlangoni hadi alipotoka na bandeji.

Jumamosi, 12 Oktoba

Bi Siti anaona!

Alinitazama mimi kwanza. Akasema nimekonda, na ndevu hizi Moza asingezikubali. Kisha akaenda nje, akalitazama gari kwa muda mrefu. Akauliza nani kauchagua mlango ule. Nikasema mimi. Akasema katika gari zima, huo ndio wenye maana.

Kificho kaja kusema kwamba mpaka giaboksi ifike, kila nikitaka kutoka nipige hodi, saa yoyote. Bi Mize kasema hivyohivyo. Watu wema mno. Nikawashukuru.

Sitapiga hodi. Nimepata mbinu! Rivasi inahitajika kwa sababu uchochoro una mwisho. Basi nitauondoa mwisho. Nikibomoa jiko na kukata migomba, gari litapita na kutokea njia ya nyuma, mbele kwa mbele, bila kumsumbua mja wa Mungu. Kesho naanza. Bi Siti nitamwambia jiko limeingia mchwa. Atataka kuwaona, sasa macho anayo. Itabidi nitafute mchwa.

Njia ya nyuma sijaenda kuitazama inaishia wapi. Lakini mwanzo wake ni mzuri sana.