Maneno Thelathini na Mawili kwa Kipsing

Jumatatu, 1 Juni 1981

Na mikono yake je! Jana wino uliisha nikiwa hapo hapo. Mikono ya Ado, mume wangu, ina alama za pembe za ndama, lakini akishika kikombe cha chai utadhani ameshika yai. Alhamdulillahi. Siku ishirini na mbili tangu nikaha, na kumi na tatu tu tumekaa nyumba moja. Kisha wakubwa wakamrudisha Kipsing kuchanja ng'ombe.

Silalamiki. Nani mwingine hapa Isiolo analipwa ili asikie sauti ya mumewe? Mimi ndiye mwendeshaji wa redio ya ofisi ya mifugo. Kila asubuhi saa mbili naita vituo vitatu: Ngaremara, Merti, Kipsing. Shida ni moja. Njia ni moja tu, na kila anayesema anasikiwa na wote. Wawili wakisema pamoja hasikiki yeyote, ni mluzi mtupu kama wa birika. Leo Ado aliripoti ng'ombe mia mbili, ova, ndivyo hewani tunavyofunga kauli. Nikamuuliza kwa sauti laini kama amekula. Mzee Lowoi wa Ngaremara, askari wa zamani, akajibu kwamba amekula, asante sana binti, ova.

Bwana Kaimenyi, mkubwa wetu, alikuwa mlangoni. Akasema redio ni ya mifugo, si ya maharusi.

Basi niende mwenyewe! Landrova ya dawa huenda Kipsing kila Alhamisi, na kiti kimoja huwa kitupu. Nakitaka kiti kile kabla Ramadhani haijaingia. Nimeomba. Kaimenyi amesema ataangalia. Sahro, mpiga chapa, naye amekiomba. Anataka kwenda kununua mbuzi. Mbuzi! Mimi nataka mume.

Jumanne, 2 Juni

Nimepata! Asante Mungu kwa gazeti kuukuu lililofungia sukari. Linasema kuna mashine Nairobi, inaitwa kompyuta. Haijui a wala be. Inajua mambo mawili tu: kuna, hakuna. Kwa hayo mawili inaandika kila kitu.

Nami nina kitufe cha redio. Nikibonyeza bila kusema, vituo vyote husikia "tik". Nisipobonyeza, kimya. Kuna, hakuna! Nikipanga nafasi tano, kila moja iwe tik au kimya, napata mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Thelathini na mbili. Hesabu za kidato cha pili zimenifaa hatimaye.

Maneno thelathini na mawili ya mapenzi, na Kaimenyi atadhani ni redio inayokohoa.

Kwanza mbonyezo mrefu: hodi. Mwenzako ajibu mrefu: karibu. Ndipo uanze, usije ukazungumza na mtu aliyetoka kwenda kunywa maji. Ukimaliza, yeye abonyeze mara mbili: asante, yamefika.

Kimya mara tano nimekipa neno "Nakuwaza". Kwa hiyo redio ikinyamaza, Ado ananiwaza. Siku nzima!

Alhamisi, 4 Juni

Nimepiga chapa orodha wakati Sahro amekwenda kula. Karatasi ya ofisi, kwa kuwa nyingine hakuna. Namba ya jalada juu, kwa kuwa Kaimenyi ametufundisha kwamba karatasi isiyo na namba ni takataka. Nikatia kaboni, mke mwema huweka akiba. Jina la mtu sikuandika, langu wala lake. Siri ni siri. Juu kabisa: "Kuanzia sasa tusitumie sauti." Inatetemesha!

Nakala ya kwanza nimempa Ekai, dereva, ndani ya bahasha. Nimemwapisha asimpe mtu yeyote ila Ado mwenyewe, mkononi. Ekai ni mwaminifu kupita kiasi. Mungu ambariki.

Kiti alipewa mzee mmoja wa kutengeneza pampu. Si kitu. Nina tik.

Nakala za kaboni sizioni. Labda zimeanguka nyuma ya meza.

Jumatatu, 8 Juni

Nalia kwa furaha. Saa tatu na robo, hodi! Nikajibu karibu. Tik, kimya, tik, tik, kimya. Nikafungua orodha ya mkono iliyo nyuma ya daftari hili: "Nguvu zinaniishia nikikukumbuka."

Ado wangu! Nikajibu, "Mimi pia."

Saa sita, tena: "Nimekupata, mpenzi, sitakuacha upotee tena." Saa nane: "Moyo wangu leo una mawingu." Sikujua kama mume wangu ana maneno mengi hivi. Ana kwa ana huniambia chai ni nzuri.

Jumanne, 9 Juni

Leo amenizidi. Mara nne kabla ya adhuhuri, lile lile: "Njoo upesi, bila wewe nitakufa."

Nikajibu namba kumi na tisa: "Vumilia, naja Alhamisi." Akabonyeza asante mara sita. Mara sita, na kanuni ni mbili!

Kiti sina bado. Lakini nimepaka hina, na nimefungasha nyirinyiri aliyotuwekea mama kwenye kopo, nyama iliyokaangwa ikaiva hasa, ya harusi yetu. Kesho namkabili Kaimenyi.

Jumatano, 10 Juni

Niandike polepole.

Nilimwambia Kaimenyi kwamba Kipsing wanaita na kesho lazima niende. Akauliza kuna nini. Nikasema kuna mtu karibu kufa. Sikusema uongo, nilisoma tu kilichobonyezwa. Akaninyang'anya kipaza sauti.

"Kipsing! Nani anakufa huko?"

Ado akajibu, kwa mshangao, kwamba Kipsing wote ni wazima.

Ndipo Mzee Lowoi akaingia hewani. "Ngaremara hapa, bwana. Ni mimi. Chanjo na dawa zimeisha tangu Jumatatu, ng'ombe wanne wamelala chini. Nimetafuta kwenye waraka wako, hilo ndilo neno lililokaribia. Ova."

Kisha Abdillahi wa Merti akasema naye alikuwa na swali. Kwa betri inayokwisha alitumia "Nguvu zinaniishia", na kwa ndama aliyepatikana "Sitakuacha upotee tena". Je, alikosea? Na kwa dalili za mvua?

Ardhi haikupasuka. Niliiomba.

Nakala za kaboni! Sahro alizikuta kwenye mashine yake, ziko kwenye karatasi ya ofisi, zina namba, hazina jina. Akazitia kwenye mfuko wa barua za vituo. Nilipomtazama alisema, "Dada yangu, karatasi isiyo na jina ni ya kila mtu."

Kaimenyi aliuliza, waraka gani? Lowoi akausoma hewani, mstari kwa mstari, kwa sauti ya gwaride. Alifika namba tisa: "Usiku ni mrefu, mto wako umepoa." Namba ya jalada Kaimenyi alikuwa ameisikia tangu mstari wa kwanza. Ya ofisi yake. Nikasubiri kufukuzwa.

Akakohoa. Akasema ndiyo, waraka ni wake. Ila vituo vimesahau jambo: kila kituo kitangulize tik za namba yake, kisha za namba ya kituo kinachokiita. Ova.

Mkubwa gani angekubali kwamba hajui waraka wa ofisi yake? Alipoweka kipaza sauti aliniambia taratibu, "Madam Tiya, ulisahau nani anasema na nani anaambiwa. Bila hayo mawili ni kelele tu."

Sikufukuzwa. Alhamdulillahi mara elfu.

Alhamisi, 11 Juni

Landrova haikwenda Kipsing. Isiolo iliahidi Ngaremara, "Vumilia, naja Alhamisi," na ahadi ya ofisi ni ahadi. Niliahidi mimi. Kiti changu kimejazwa barafu, chanjo na dawa.

Ng'ombe wale wanne wamesimama! Lowoi anasema siku moja zaidi wangekufa. Mwenye ng'ombe amemwombea dua aliyetunga waraka. Basi dua ni yangu.

Ekai amenirudishia bahasha, bado imefungwa. Wiki iliyopita Ado alikuwa malishoni, hakuwepo wa kumpa mkononi, na siri ni siri. Akaihifadhi chini ya kiti. Kwa hiyo wote walikuwa na orodha isipokuwa mume wangu.

Nilipomwita kwa sauti, Ado alisema hadi jana alidhani panya wameingia kwenye redio. Ameifungua na kuipangusa mara tatu. Nikamuuliza, na ikinyamaza ulikuwa unafanya nini? Akasema hakuna, anakaa tu, ananiwaza.

Hakumaliza hata "ova". Lowoi akasema Ngaremara imesikia.

Kopo la nyirinyiri, nililolipakia mapema nikidhani naenda, nililisahau ndani ya Landrova. Saa kumi zilikuja tik, safari hii na namba ya Ngaremara mbele: "Utamu wako hausahauliki."

Jumatatu, 15 Juni

Kaimenyi amebadilisha maneno yote thelathini na mawili. Sasa ni dawa, maji, betri, nzige. Amebakiza kimya mara tano kama kilivyokuwa. Anasema hakina gharama. Moyoni ni mtu mwema.

Kiti cha Alhamisi hii amekichukua yeye mwenyewe, akakague tik. Lakini nimegundua! Redio ina swichi ya pili upande wa kushoto. Njia nyingine kabisa, tupu, haina Lowoi wala Abdillahi. Mbona hakuna aliyeniambia?

Wenzangu walipokwenda kula nilizungusha. Kimya kizuri. Nikasema kwa sauti yangu nzuri kuliko zote, "Ado, roho yangu, unanisikia?"

Sauti nzito ikajibu kwamba yeye si Ado, yeye ni sajini wa kambi ya jeshi iliyo upande wa Burat, na mimi ni nani? Nikamweleza yote, tangu mikono. Alisikiliza kwa adabu sana. Nyuma yake nilisikia wengine wakisikiliza pia. Akanipa hongera ya ndoa. Watu wa nchi hii ni wakarimu!

Anasema magari yao hupita Kipsing. Nimemwomba amfikishie mume wangu neno moja, kwa siri: asinunue sukari ya Ramadhani, nitaileta mwenyewe, kwa maana nitafika kwake kabla mwezi huu haujaisha.