Siku ya Kukagua Bunduki Mtangaweni

Jumamosi, tarehe 1 Septemba 1888. Manyunyu ya alfajiri yalikatika mapema, na hewa ikawa kavu, ya kuifaa baruti.

Wote wajulishwe: Serikali Mpya ya Mtangaweni, yenye umri wa majuma mawili, bendera moja na Wadachi watatu, imeagiza kila mwenye bunduki aje nayo forodhani, na baruti yake, ikaguliwe kwa ajili ya amani.

Akida Mwinyikae, aliyejua Kidachi cha kumtosha kuogopa, ndiye aliyelitangaza agizo hilo mtaa kwa mtaa. Bwana Ritmeier, mkuu wa forodha, alikuwa amemwonya: watu wasipokuja, minyororo atavaa yeye kwa niaba yao. Akida akaswali akiomba, "Ya Rabi, nipe watu."

Akapewa. Mstari ulizunguka msikiti ukaingia minazini.

"Mbona wengi hivi, Shomari?" akamwuliza mfanyabiashara wa pembe aliyetangulia mbele.

"Si umetuita, mjomba? Tungekataaje?"

"Na hawa wa bara?"

"Ndugu zetu. Wamesikia serikali inapenda bunduki, wakaona wasiinyime."

Bwana Ritmeier alifurahi. Raia watiifu namna ile hakuwahi kuwaona hata kwao. Akaagiza washindilie baruti na risasi, ijulikane zipi nzima.

"Washindilie kweli, Bwana?"

"Ndio utaratibu."

Akida akatafsiri. Watu wakashindilia kwa utulivu, kisha mitutu yote ikageukia meza ya mkaguzi. Wadachi wawili wasaidizi wakakumbuka kazi ya haraka mashuani.

Akida akarudi nyuma hatua mbili.

"Usiogope, mjomba," akasema Shomari. "Tafsiri tu, kama ulivyotutafsiria sisi. Mwulize, mbwa wake aliingia msikitini kwa kibali cha nani? Na anaondoka lini?"

Akida alikuwa ameswali juu ya nyayo za mbwa yule. Akauliza yote mawili, kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo.

Bwana alijibu neno moja, fupi sana. Akida akalitafsiri kwa ukamilifu unaostahili serikali: "Anasema amekosa, anaomba radhi, na maji haya haya yakitoka, anaondoka."

"Kasema yote hayo?"

"Kidachi kina mkato."

"Basi aseme mwenyewe, wa nyuma wasikie. Mstari ni mrefu."

Bwana Ritmeier akavua kofia. Mbele ya mji mzima na ndugu wa bara, akatamka kwa Kiswahili chake cha majuma mawili: "Mimi, bendera, mbwa. Naondoka leo. Naahidi."