Leo Nimewachomea Wakwe Viazi

Jamani, aibu ya leo sijui nitaizika wapi. Naandika haya nikiwa nyuma ya choo, mahali pekee katika boma langu ambapo wakwe hawanioni.

Mnanijua. Miguu yangu haitulii. Nimechimba dhahabu Macalder, nimeuza mahindi Ntimaru, nimevuna viazi Molo kwenye baridi ya kugonganisha meno. Mama Akoth, mke wangu, amenivumilia miaka hiyo yote (mimi mwenyewe nisingejivumilia). Juzi uvumilivu ukaisha. Akawapigia simu wazazi wake kule Mfangano, nao wakasema watakuja leo waone kama kweli nimetulia. Wasiporidhika, wanarudi na binti yao.

Kwenye simu hiyo baba mkwe aliniuliza swali moja tu: "Orwa, huko kote ulikozunguka, umeleta nini nyumbani?"

Orwa kwa Kijaluo ni 'mkwe wetu'. Alilitamka neno hilo kwa upole, na ndiyo maana liliniuma.

Nikaamua: nitawapa viazi vya kuchoma! Kule Molo, tukimaliza kuvuna, tulivichoma palepale shambani. Chumvi, pilipili, mvuke unakupiga usoni, mtu anasahau hata kwao. Ndicho kitu pekee nilichorudi nacho ambacho hakijaisha.

"Wewe upike? Mbele ya wazazi wangu?" Mama Akoth akashangaa.

"Jikoni siingii. Nachoma nje. Kuchoma si kupika."

"Wanaume huchoma nyama, Baba Akoth."

"Moto haujui tofauti."

Akaniachia. Yeye alikuwa na jogoo wake mwekundu, amemfungia bandani tangu jana. Kwetu mkwe akija kwako akaondoka bila kula kuku, umemtukana. Jogoo angechinjwa wageni wakishafika.

Basi. Mawe ninayo. Makaa ninayo. Waya wa kuchomea sina. Nikazunguka boma (kuzunguka ndiyo kazi yangu) mpaka nikauona: mlango wa banda la kuku! Fremu ya chuma, waya imara, kipimo chenyewe. Nikaung'oa. Nikausugua kwa mchanga na majivu, nikauweka motoni mpaka katikati ukawa mwekundu. Kwenye banda nikaning'iniza gunia, nikaligandamiza kwa jiwe. Akili hizo!

Jirani yangu Ochola akachungulia juu ya ua.

"Omera, ndugu yangu, unachoma nini?"

"Viazi."

"Na nyama iko wapi?"

"Hakuna nyama."

"Yawa! Kwani wakwe wanakuja kuota moto?"

Nikapuliza moto. Mtu mwenye nia hajibizani na ua.

Wageni wakafika. Mama mkwe akaingia moja kwa moja ndani ya nyumba, kwa sababu kwa mila yetu mimi na yeye hatuwezi kula mahali pamoja. Baba mkwe akaketi nje, karibu yangu kabisa, fimbo katikati ya magoti, akitazama viazi kama mtu anayesahihisha mtihani.

Viazi vikawa vyeusi. Nikadunga kimoja kwa kisu. Ndani kibichi, kigumu kama jiwe! Nikageuza. Nikapunguza makaa. Nikapuliza. Bado. Jasho likanitiririka mpaka kwenye viatu. Ndipo nikakumbuka: Molo tulivifunika kwa gunia lililoloweshwa, mvuke ukaivisha ndani.

Gunia! Nilijua lilipo. Nikajiambia nitalirudisha mara moja.

(Sikulirudisha.)

Lakini jamani, viazi viliiva! Ganda linapasuka, ndani laini kama siagi. Sahani moja ikapelekwa ndani kwa mama mkwe. Ochola akaruka ua (nani alimwalika?). Baba mkwe akala kimoja, akachukua cha pili.

"Orwa," akasema mdomo umejaa, "hiki sasa ni kitu."

Nikajiona mtu. Nikavuta kigoda, nikaanza kumsimulia habari za Molo. Nilikuwa nimefika kwenye ukungu wa asubuhi wakati sauti ya Mama Akoth ilipotoka nyuma ya nyumba.

"Baba Akoth! Mlango wa kuku uko wapi?"

Baba mkwe akaacha kutafuna. Akautazama waya. Kwenye kona, mahali moto haukufika, palikuwa na unyoya mwekundu. Akauchomoa kwa vidole viwili, akaugeuza huku na huku, akaniangalia. Ochola akatema.

Na hapo hapo, juu ya mabati ya nyumba yangu, jogoo akawika.

"Orwa," baba mkwe akauliza taratibu, "yule juu ndiye chakula changu?"

"Ndiye, Baba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Badala yake nikasikia kicheko kutoka ndani. Mama mkwe! Tangu nioe sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kupitia dirishani:

"Mwambieni huyo mkwe viazi vyake ni vitamu, hata kama vimelala kwa kuku. Lakini sikutoka Mfangano kuja kula viazi tu. Hatuondoki, na binti haondoki, mpaka jogoo aliwe."

Sasa Ochola ameleta ngazi. Nimemwambia akiiegemeza kwenye ukuta wangu tutakosana: jogoo akibaki juu, Mama Akoth anabaki.

Nanyi mkitaka kucheka, chekeni polepole. Msimshtue jogoo akashuka.