Wakulima Waliokubali Kupita Kiasi

Serikali ilitangaza, kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya gari na kwa sauti ya mtu mwenye mafua, kwamba enzi mpya ya uhuru wa maoni katika sekta ya nafaka imewadia. Wakulima wote waliombwa kufika ukumbini wajadili, bila woga wala kificho, iwapo Bodi ya Nafaka iendelee kuwa mnunuzi pekee wa mahindi yao au ukiritimba huo ukomeshwe. Mjadala ungekuwa huru kabisa. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa makao makuu.

Kazi ya kuwafikisha wakulima kwenye jibu hilo alipewa Meneja wa kituo. Wakulima walimwita Kipimo, kwa sababu ya kile kimashine cha kupimia unyevu ambacho hakikumtoka mkononi. Alikidunga kwenye gunia, akakitazama kama daktari anayetazama homa ya mtoto wa mwenzake, kisha akasema, "Unyevu umezidi. Kaanike." Gunia likirudi kesho yake, lilikuwa limekauka mno. Hivyo foleni ya mikokoteni na matrekta ilikuwa imelizunguka ghala, ikapita posta, ikaingia uwanja wa mpira, na mechi zikawa zinachezwa upande mmoja tu.

Kipimo hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba aliamini. Aliamini kwamba mkulima bila Bodi ni sawa na mtoto mchanga bila nepi: yeye mwenyewe haoni shida, shida wataiona wengine. Na sasa makao makuu walikuwa wamemnong'oneza kwamba wakulima wakiiunga mkono Bodi, Waziri atakuja mwenyewe kuwapongeza, na Kipimo atapandishwa awe Mkurugenzi wa Kanda, mwenye gari lenye pazia.

Lililomnyima raha ni mama mkwe wake. Mama huyo alilima shamba kubwa nje kidogo ya mji, na mahindi yake yalikuwa kwenye foleni ileile, chini ya turubai, huku mawingu ya mvua yakianza kujikusanya kama watu wenye kikao chao.

"Mama atakuja mkutanoni," mkewe alimwambia asubuhi hiyo akimnyooshea tai. "Na ana maneno."

"Mama yako ana maneno hata akiwa amelala."

"Basi leo hakulala," alisema mke.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mstari wa mbele walikaa wakubwa wa mji pamoja na mkuu wa kituo cha polisi, ambaye alikuja kulinda uhuru wa maoni. Kipimo alipanda jukwaani, akakohoa.

"Ndugu wakulima," alisema, "wapo wanaosema soko lifunguliwe, kila mtu amuuzie amtakaye. Jiulizeni: mtaweza? Leo mkulima akikasirika, anajua wa kumlaumu ni Bodi. Soko likifunguliwa, ataamka asubuhi hajui amlaumu nani. Huo ndio mnaouita uhuru?"

Wakubwa wakapiga makofi. Nyuma kabisa alisimama dereva wa trekta aliyeitwa Breki kwa sababu hakuwa nazo.

"Meneja, mimi nina swali dogo. Mtu akija na lori lake, akayapenda mahindi yangu hivihivi na unyevu wake, huyo ni nani?"

"Huyo ni mlanguzi."

"Na akinipa changu palepale, bila kuniambia nije wiki ijayo?"

Kipimo akashusha sauti. "Huyo ni mlanguzi hatari."

Ukumbi ukaguna. Kabla mguno haujakua ukawa kelele, mama mkwe alisimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Kipimo akainamisha macho. Adabu ni adabu, hata jukwaani. Mtu hamkatizi mama wa mkewe.

"Mkwe wangu, nauliza nijue," alisema mama. "Hiyo sheria inasema nafaka isitoke mkononi mwa mkulima isipokuwa iende Bodi?"

"Ndiyo, mama."

"Hata debe moja?"

"Hata kisahani, mama."

"Hata kwa ndugu? Hata kwa mkubwa?"

Kipimo alihisi mkuu wa polisi akimtazama. Akakaza shingo. "Sheria haina ndugu, mama. Wala haina mkubwa."

Mstari wa mbele ukalipuka kwa makofi. Mkuu wa polisi alisimama kabisa.

"Basi mimi naiunga mkono Bodi," alisema mama mkwe. "Iendelee. Ila tuifuate sheria yote, tusiifuate vipandevipande kama nguo ya viraka. Au mnasemaje, wenzangu?"

Wakulima wakatazamana. Kwanza uso mmoja ukaelewa, kisha wa pili, kisha benchi zima. Mikono ikainuka ukumbi mzima. Breki aliinua yote miwili.

Kipimo alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa mayai yaliyooza, hata kwa kiatu. Hakuwa amejiandaa kukubaliwa. Aliwaona wakulima wakitoka nje wakicheka na kupigana mabega, akamwambia karani wake, "Unaona? Wananchi wakielimishwa, wanafurahi."

Ili kieleweke kilichofuata, lazima isemwe jambo ambalo mjini halikuwahi kusemwa, kwa kuwa lilijulikana. Hakuna mkubwa aliyenunua unga. Kila mkubwa alikuwa na mkulima wake, na unga ulipita mlango wa nyuma kama paka wa nyumbani. Unga wa Kipimo ulitoka kwa mama mkwe. Unga wa polisi ulitoka kizuizini barabarani, ambako kila mkokoteni uliacha kibaba ili usiulizwe taa zake ziko wapi.

Sasa sheria ilikuwa inafuatwa yote, na hata sokoni unga ukaisha siku hiyohiyo, kwa kuwa nao ulitoka kwa wakulima.

Mkuu wa polisi ndiye aliyeanza kuonja. Alimsimamisha Breki kizuizini, akamtazama kwa lile jicho la siku zote. Breki akazima trekta, jambo gumu kwake, akashuka na kusimama wima kama askari.

"Afande, ningekupa," alisema kwa huzuni. "Lakini si ulipiga makofi?"

Nyumbani kwa Kipimo, mkewe aligonga sehemu ya chini ya pipa la unga, likatoa sauti ya ngoma.

"Mama hajaleta?" aliuliza Kipimo.

"Nimempigia simu. Anasema anakupenda sana, ndiyo maana hataki ufungwe."

Kipimo hakutetereka. Mahindi ya Bodi si yapo ghalani? Alifungua ghala, akakuta ni kweli yapo, lakini yana wenyewe. Fukusi watoboa mahindi walikuwa wamehamia humo miaka mingi iliyopita, wameoa, wameozesha, na gunia likiguswa walitoka kuuliza kuna nini. Mahindi mazuri yalikuwa nje kwenye foleni. Angeweza kuyapokea, ila kwa kanuni za Bodi, nafaka ikishaingia haitoki mpaka Kamati ya Utoaji iketi, na Kamati ya Utoaji haikuwahi kuketi kwa sababu haikuwahi kupewa viti.

Bado kulikuwa na njia moja ya halali: ombi la dharura la raia. Kipimo akachukua ndoo, akapanga foleni kwenye dirisha la kituo chake mwenyewe, nyuma ya mkuu wa polisi. Mkuu wa polisi alichoka kusubiri akaondoka, na zamu ya Kipimo ilipofika, dirisha lilikuwa tupu.

"Mhudumu yuko wapi?" aliuliza kwa ukali.

"Ni wewe, Meneja," alisema karani.

Kipimo akazunguka, akaingia ndani, akakaa. Akalisoma ombi lake kwa makini. Aliliona lina uzito, limeandikwa kwa lugha ya staha, na mwombaji anaonekana ni mtu wa heshima zake. Lakini kanuni ni kanuni. Akajikatalia. Kisha akazunguka tena nje, akachukua ndoo yake, na akiwa njiani kurudi nyumbani alisikika akisema kwamba wahudumu wa siku hizi hawana utu.

Ilipobaki siku moja Waziri afike, alikunja tai mfukoni akaenda shambani kwa mama mkwe. Alimkuta amekaa mkekani anapukuchua mahindi, punje zikimwagika kwenye ungo kwa sauti ambayo Kipimo, kwa njaa aliyokuwa nayo, aliiona ni muziki. Wajukuu walikuwa wanakula pembeni, tena wanabakiza.

"Karibu, baba, karibu. Leteni kiti." Mama akampa maji kwenye bilauri safi. "Kunywa tu. Maji hayajapata bodi."

Kipimo akayanywa yote. "Mama, kesho Waziri anakuja. Kuna karamu. Nyama ipo, mboga ipo. Hakuna cha kulia."

"Pole, mwanangu."

"Nasema, labda debe moja tu, kwa heshima ya mgeni..."

Mama mkwe akaacha kupukuchua. Alimtazama kwa upole wa kweli, maana alimpenda. Mkwe huyo alikuwa ameoa vizuri na hakuwa mlevi. "Yale mahindi yangu pale foleni, mvua ikinyesha yataota kama shamba. Ndiyo ada ya shule ya hawa watoto. Wewe una njaa ya siku tatu. Mimi foleni yako inanila kila mwaka." Akarudia kupukuchua. "Hata kisahani, mkwe wangu. Ulisema mwenyewe."

Kipimo alirudi mjini kwa miguu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliyatazama mawingu kwa jicho la mtu mwenye mahindi nje.

Waziri alifika na msafara wa magari, akahutubia. Aliwasifu wakulima kwa ukomavu wao. Alisema ni wachache duniani wenye bahati ya kukubaliana na serikali yao kwa moyo mmoja. Wakulima walishangilia kila sentensi, hata zile ambazo hazijaisha. Kisha wageni wakakaribishwa mezani. Palikuwa na nyama, mchuzi na mboga za kijani. Waziri akanawa, akasubiri. Akanawa tena.

"Chakula chenyewe kiko wapi?"

Kipimo akainama sikioni kwake, akaeleza sheria, akaeleza kanuni, akaeleza kuhusu viti vya Kamati.

"Yaani," alisema Waziri polepole, "Waziri wa Nafaka hana nafaka?"

"Anayo, mheshimiwa. Haitoki."

Hapo upepo ukageuka. Ng'ambo ya uzio, wakulima walikuwa wamefunua masufuria yao. Kula mahindi yako mwenyewe hakukukatazwa na sheria yoyote, na walikuwa wanakula kwa utii mkubwa. Waziri alisimama, akafuata harufu hadi kwenye uzio. Walinzi wake walimfuata, nao wakimeza mate.

"Mama, hujambo? Hata mgeni hamkaribishi?"

"Hatujambo, mheshimiwa. Tungependa sana," alisema mama mkwe, akikata tonge. "Lakini sisi na sheria yako ni damu damu."

Mvua ikadondosha tone la kwanza, likatua kwenye upara wa Waziri. Akatazama masufuria. Akatazama foleni ya mahindi. Akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti.

"Serikali ni sikivu," alinguruma. "Imesikia kilio. Kuanzia leo, ukiritimba wa Bodi umekoma. Kila mkulima amuuzie amtakaye, ampe amtakaye. Uamuzi huu unaanza kutumika mwaka ujao wa..." Mama mkwe akalitia tonge lake mdomoni mwake mwenyewe. "Unaanza sasa hivi!"

Breki alikuwa tayari juu ya kilima anapunga shati. Malori ya walanguzi hatari, yaliyokuwa yameegeshwa nyuma ya kilima tangu alfajiri, yakateremka yakipiga honi. Mvua ilipokolea, foleni ilikuwa imekwisha, na uwanja wa mpira ulikuwa na magoli mawili tena.

Waziri alimaliza sahani ya kwanza. Katika ya pili alimwita Kipimo.

"Niambie ukweli. Nani aliwaongoza hawa wapinzani?"

"Hapakuwa na mpinzani hata mmoja, mheshimiwa. Wote walikubali."

Waziri akaacha kutafuna. Wiki hiyohiyo iliundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Wananchi Kukubaliana na Serikali, na Kipimo akateuliwa katibu wake, cheo kisicho na gari wala pazia. Maofisa vijana wanaotumwa kuendesha mijadala huru hupitia kwake kuomba ushauri, naye huwapa uleule, huku akiwa anafunga mlango wa stoo yake.

"Wakikupinga," huwaambia, "kalale. Wakikukubalia wote, kimbilia sokoni ukanunue unga."