Mchumba wa Bustani ya Bigwa

Stambuli aliwatambua wateja wake kabla wao hawajajijua kuwa ni wateja. Walikuwa mgahawani Msamvu, meza ya jirani. Dokta Charles wa chuoni analaani joto la Kihonda, na Josephina, afisa wa serikali, anatamani nyumba Bigwa, chini ya mlima, penye upepo na maji.

"Samahani wakubwa zangu," Stambuli akasogeza kiti. "Ina maana hamjasikia habari za Bustani Makazi?"

Hawakuwa wamesikia. Hata yeye ndiyo kwanza alikuwa anaisikia. Lakini kalamu anayo, na karatasi ya kufungia chapati ipo. Akachora: maduka chini, nyumba juu, maji ya mvua yanavunwa kwenye paa, na katikati bustani moja ya wote, mchicha wa jirani ni mchicha wako.

Charles alipokwenda kunawa, Josephina akanong'ona, "Duka la pembeni nipe mimi."

"Lako, dada."

Jengo lina pembe nne. Mpaka mwezi unaisha, Stambuli alishaziahidi kwa watu tisa, kila mmoja kwa siri, na kila mmoja akijiona mjanja kuliko wenzake.

Tatizo ni kwamba hakuna atakayetoa malipo ya awali bila kuona walau jani. Ndipo akapanda Bigwa kwa Bi Nasra, mwenye shamba la mteremko lililomezwa na magugu.

"Shikamoo mama. Naomba nikupandie miti, bure kabisa."

"Marahaba. Ardhi hii ya lukolo, mwanangu, ya ukoo wetu wa kikeni. Mgeni hapandi mti. Akipanda, kesho atasema pake. Labda awe mchumba wa binti."

Binti mwenyewe, Faraja, alikuwa anachambua kunde kimya, macho kwenye viatu vya mgeni vilivyong'aa.

"Mama," Stambuli akashika kifua, "moyo wangu ulikuwa unaniambia hivyohivyo."

Uchumba atakaoutoroka, akawaza, una hasara gani?

Una jembe. Mchumba, akaambiwa, sharti awalimie wakwe. Basi bwana akang'oa magugu, akachimba matuta ya ngazi, akabeba samadi, akapanda miparachichi. Mikono iliyozoea simu ikatoka malengelenge. Jioni Faraja alikuja kukagua.

"Tuta la juu limepinda."

"Nitalinyoosha, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Linyooshe."

Siku ya maonyesho wateja wote walifika, bahasha za malipo mikononi. Bustani ilipendeza mpaka Stambuli mwenyewe akakaribia kuinunua.

"Mama," Josephina akamuuliza Bi Nasra, "huyu ndiye mwenye eneo?"

"Huyu? Huyu anachumbia tu. Mkwe kwetu hana ardhi, ana jembe."

"Sasa duka langu la pembeni?"

"Lako wapi? Langu!" akafoka Dokta Charles.

Wakageukiana watu tisa, halafu wote wakamgeukia Stambuli, ambaye alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea migombani. Bahasha zikazama mikobani.

"Nyumba hakuna," alisema Faraja. "Matuta yapo. Anayetaka kulima, akodi kwa mama."

Walioona aibu kurudi mikono mitupu wakajipanga mbele ya Bi Nasra. Stambuli, matope magotini, akamsogelea Faraja.

"Angalau harusi ipo palepale?"

"Nilishakukataa."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

Faraja akautazama mteremko, toka juu hadi chini, tuta kwa tuta.

"Ulikuwa hujamaliza."