Presha ya Muteti, Kadi Yangu

Jumatatu, 24 Novemba 2025
Eti nina presha. Mimi! Halimo, muuguzi wa kliniki ya nyuma ya soko hapa Kitengela, amenifunga ule mkanda mkononi akasoma 168/104. Nimemwambia mashine yake imeharibika. Akasema imepima watu thelathini tangu asubuhi na hakuna mwingine aliyelalamika. Nimepewa vidonge vya kumeza kila jioni. Nipunguze chumvi na mafuta, nirudi Alhamisi.

Mke wangu Phylis ameisoma kadi mara mbili, kisha akatoa sheria. Kadi isiposema chini ya 140, siendi kwa mbuzi Jumamosi. Jumamosi hii! Wanaume wa ploti yetu huchinja mbuzi kila mwisho wa mwezi, na msimamizi wa kuchoma hubadilika kwa zamu. Msimamizi ndiye huonja. Ini, mbavu, mutura ile soseji ya utumbo na damu, vyote hupita kinywani mwake kwanza. Nimengoja zamu yangu miezi tisa. Nikiikosa, inaenda kwa Obura wa nyumba namba saba, mtu aliyeunguza mbuzi wa Machi akasema huo moshi ndio ladha.

Jumanne, 25 Novemba
Sukuma wiki bila chumvi. Nyasi tupu. Vidonge nimevifungia kwenye droo, kwa sababu nikiwa nyumbani sijisikii na presha yoyote. Badala yake nimetafuna kitunguu saumu kizima, kibichi. Ofisini wamefungua madirisha yote. Jioni Obura amenijulia hali kwa sauti ya matangani. Amenunua kisu kipya. Mnafiki!

Jumatano, 26 Novemba
Nimepata! Jirani yangu Muteti, mwalimu wa michezo. Mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, hukimbia kila alfajiri, chai yake haina hata sukari. Kesho Halimo hayuko zamu. Atakuwepo Keynan, ambaye hanijui. Muteti ataenda na kadi yangu, apimwe, aniletee 120 safi. Alisitasita kidogo. Nilipomwahidi ubavu wa kwanza akakubali upesi. Tumefanya mazoezi mpaka akajua tarehe yangu ya kuzaliwa kuliko Phylis.

Alhamisi, 27 Novemba
Balaa. Nilimngoja Muteti kwenye kibanda cha chai mkabala na kliniki. Alitoka polepole, kadi ameishika kwa mikono miwili. 192/118! Keynan alipima mara tatu, mkono wa kushoto na wa kulia. Ameandika barua kwamba Nalianya, yaani mimi, aende hospitali Kajiado akachunguzwe moyo bila kuchelewa.

Muteti aliketi. Akaniuliza kama ni mashine. Wiki nzima mimi ndiye wa kusema ni mashine, na leo nikamsogezea chai yangu.

"Nalianya, mimi hukimbia kila siku," akasema. "Baba yangu pia alikuwa mwembamba. Alianguka shambani akichimba mtaro."

Niliogopa. Naandika ukweli, niliogopa sana. Halafu nikamfikiria mbuzi, nikajichukia, nikamfikiria tena.

Nyumbani nikakuta Keynan amepiga simu kwa nambari iliyo kwenye kadi. Phylis alikuwa amelia, amepakia begi la Kajiado, na dada yangu wa Magadi alikuwa kwenye simu akiomba kwa sauti. Hajawahi kunipakia hata begi la harusi. Nilikula kabichi yote.

Ijumaa, 28 Novemba
Sikulala. Presha ni ya Muteti, jina ni langu, na barua ya jina langu haiwezi kumtibu. Asubuhi nimempeleka kwa Halimo nikakiri kila kitu. Akauchukua mkanda wake.

"Presha haiangalii tumbo la mtu," akasema. "Keti hapo, Muteti. Wewe, Nalianya, keti mbali naye."

Muteti ameanza dawa leo na ameandikiwa barua yake mwenyewe. Mimi nimepata 164. Halimo ameuliza kuhusu vidonge. Nimemweleza habari za droo na kitunguu saumu. Akasema alikuwa ameshanusa.

Phylis ameyasikia yote, ameutoa mzigo wote begini bila kuniangalia. Zamu imeenda kwa Obura.

Jumamosi, 29 Novemba
Phylis amemwalika Halimo kwa mbuzi. Halimo akaja na mashine! Kila mwanaume akapimwa kabla ya kugusa nyama. Tuko tisa, sita tumepita kiwango. Obura 176, kisu kipya mkononi! Nimejaribu kusikitika.

Wake zetu na wale watatu ndio waliokula mbuzi. Phylis alikaa mbele yangu na ubavu, akautafuna polepole mpaka ukabaki mfupa mweupe. Mimi na Obura tuligawana kabichi.

Jumapili, 30 Novemba
Muteti amerudi kutoka Kajiado. Wamemwona, wamembadilishia dawa, wanasema amewahi. Amenishika mkono akasema bila ujinga wangu angeanguka kama baba yake. Nimemwambia nilikuwa nimeyapanga yote. Macho yalinijaa maji, nikasingizia vumbi.

Jana Halimo aliniambia mwezi ujao nitatolewa damu, ipimwe mafuta. Nimelitafakari hilo ibadani. Mumo wa kwaya hajagusa nyama tangu aokoke, na ngozi yake inang'aa. Alipenda sana mutura, nasikia, alipokuwa bado wa dunia. Kesho nitamsalimia, kadi yangu mfukoni.

Vidonge nitaanza Jumatatu. Si kesho, ile nyingine.