Mbuzi Yake, Mbuzi Wake

Sauti ilitangulia. Ilitokea upande wa Mlandege, ikapiga kuta za majumba ya Michenzani, ikarudi, na watu wakaisikia mara mbili kabla ya gari la matangazo kutokeza:

"Wananchi wote wa Unguja mnaarifiwa kwamba, kuanzia leo saa nne asubuhi, kisiwa chetu ni cha kwanza duniani kwa utafiti wa kukaa juu ya mbuzi. Mnaombwa kufurahi kwa utaratibu."

Maneno hayo niliyaandika mimi, Tahir, Afisa Fasaha Daraja la Pili wa Tume ya Mwelekeo wa Machapisho ya Mkao Kazini. Kiswahili changu sikufundishwa na mtu. Nimekichimba mwenyewe katika tungo, mizani kwa mizani, na asiyekubali aje tushindane.

Wapo wanaodhani Tume yetu inashughulika na migongo ya watu. Hao ni wavivu wa kusoma sheria. Duniani kuna elimu inayoitwa ergonomia, inayochunguza jinsi binadamu anavyokaa, anavyoinama na anavyoshika chombo chake cha kazi. Wataalamu wake huandika makala. Sisi tunahesabu makala. Ukutani tuna chati: mstari mwekundu wa viti vya ofisini unapanda kila mwaka, wa buluu wa vioo vya kompyuta unaufukuzia, na wa kijani wa simu za mkononi umechipuka juzi na tayari umeipita yote miwili. Mstari wa Unguja ulikuwa haupo. Mkurugenzi wetu, Dokta Wakil, aliamuru uachiwe nafasi, na nafasi hiyo itiwe fremu.

Hapo ndipo alipoingia Bi Mwanakheir, mpishi wa wali wa nazi chini ya mojawapo ya majumba ya Michenzani. Kwa siku hukuna nazi arubaini. Miaka ishirini alikalia kile kibao cha kukunia nazi tukiitacho mbuzi, kilichokaribia kugusa sakafu, chenye ulimi wa chuma mbele, mpaka ikawa akiinama hainuki bila ya kushikwa mkono. Fundi Ubwa wa Mlandege akamtengenezea kibao kirefu, cha kimo cha kiti. Akakikalia wiki mbili. Akaanza tena kusali amesimama.

Tume ikakichukua. Haikuwa na budi: kilikuwa chombo cha mkao ambacho hakijaandikiwa makala popote. Kikabandikwa karatasi ya "Kielelezo", kikawekwa ofisini kwa Dokta Wakil.

Kila Jumatatu Bi Mwanakheir alipanda ngazi zetu, mkono mmoja ukutani.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua mbuzi yangu."

"Makala yake bado kutoka."

"Mwanangu, mimi sitaki kuisoma. Nnataka kuikalia."

Nilimweleza kwa upole kwamba kukalia kitu kisichochapishwa ni kukaa bila ya msingi wa kitaalamu.

"Ramadhani ikiingia nazi zinafika mia," akasema. "Huo msingi wako utakuja kunikunia?"

Swali hilo halikuwemo kwenye fomu.

Hatimaye Dokta Wakil akaandika makala, akanipa niihariri, na hapo nikaiokoa nchi. Mswada ulijaa "mbuzi yake", "mbuzi hii", "mbuzi imechakaa". Najua kilikuwa kibao. Lakini jina ni jina, na mbuzi ana roho, na mwenye roho hupewa haki yake ya "wake" na "huyu". Nikasahihisha pahala sitini na moja, moyo ukiniwaka. Nilipomaliza ilisomeka hivi: "Mpishi humkalia mbuzi wake saa tatu kwa siku. Mbuzi huyu ana meno ya chuma, na kazi ikisha hukunjwa, akaegemezwa ukutani."

Ikapelekwa ng'ambo, ikafasiriwa na mtu ambaye hajawahi kukuna nazi, ikachapishwa.

Ndani ya mwaka mmoja ilirejewa na makala mia mbili na kumi na nne. Chuo kimoja cha nchi ya baridi kilipima joto la mgongo wa mbuzi. Kingine kiliuliza kama mbuzi naye ameridhia. Kundi la tatu lilishindwa kumkunja mbuzi wao, likaandika makala juu ya kushindwa huko, nayo ikapata tuzo. Mstari wetu ukaingia kwenye fremu, ukapanda, ukatokea juu ya fremu, ukaendelea na ukuta. Ndipo tukakodi gari la matangazo.

Jumatatu iliyofuata nilimsomea Bi Mwanakheir ile makala, nikitarajia machozi ya furaha.

"Huyo anayekunjwa nani?" akauliza.

"Mbuzi wako."

"Mimi sifugi. Mimi nna mbuzi ya kukunia." Akanitazama kama anavyoutazama mchele wenye mawe. "Wewe mwana wewe, umenipandisha juu ya mnyama."

Nikaingia kwa mkurugenzi.

"Dokta, kuna kosa."

"Limerejewa mara ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Kosa hurejewa mara mbili, tatu," akasema Dokta Wakil. "Likifika mia, hiyo ni nadharia."

"Na kibao cha yule bibi? Si makala yake ishatoka?"

"Aliyechapishwa ni mbuzi wa miguu minne. Huyu wa mbao bado."

Hoja hiyo haikuwa na pa kushikia. Niliiandika kwenye daftari kwa hati nzuri.

Mwezi wa Shaabani ikaja barua. Profesa mmoja mwanamama, anayejua Kiswahili cha kitabuni, anakuja na wenzake kumi kuliona jaribio kwa macho, wakiridhika waipe Tume nishani. Dokta Wakil akaagiza beberu kutoka Makunduchi na akamwita Bi Mwanakheir aje kukaa.

"Kuja ntakuja," akasema Bi Mwanakheir. "Kukaa ni shauri jengine."

Tulikodi ukumbi Tunguu. Beberu alifungwa utepe wa Tume shingoni, akaula. Mbele yake liliwekwa beseni la nazi. Profesa akainama kwa heshima.

"Bi Mwanakheir, tafadhali tuoneshe."

"Mimi mpishi tu, bibie. Aliyeandika ndiye ajuaye. Mtu hasomeshi chuo mbele ya mwalimu wake."

Profesa akafungua makala. "Ni kweli. Ukurasa wa tisa: 'Mwandishi alilifanya jaribio hili mwenyewe kwa siku tisini.'"

Ukumbi mzima ukamgeukia Dokta Wakil. Angeweza kusema hakukaa hata siku moja. Lakini ule mstari ulikuwa umeshafika karibu na dari. Akavua koti, akanikabidhi, akakaa.

Dokta Wakil ana kilo mia. Beberu ana msimamo. Alisubiri uzito umfike sawasawa, kisha akatoka, na mkurugenzi akabaki kwenye mkao wa kukaa bila ya kuwepo kitu chini yake. Kiunoni pakasikika mlio kama wa kuni kavu inayovunjika. Hakuanguka. Wala hakunyooka. Alibaki amepinda, uso umeelekea sakafuni, kama mtu aliyeangusha kifungo.

Wageni wakapiga makofi, kisha wakatoa tepu za kupimia. Mmoja alimzungushia tumboni, mwengine akasoma pembe ya kiuno kwa sauti, wa tatu akaandika. Profesa alimwomba asinyooke mpaka wamalize, kwa kuwa hawajawahi kupata takwimu safi namna hii.

Bi Mwanakheir akasogea taratibu, akaegemea ukuta.

"Upande wa kushoto, sivyo? Ukikohoa panachoma."

"Panachoma," akasema Dokta Wakil.

"Na usiku hujui mgongo uulaze wapi."

"Bado sijafika usiku, Bi Mwanakheir."

"Utafika. Mjini yupo mkandaji mmoja tu anayeujua mshipa huo. Nyumba yake naijua mimi, na mimi nnaumwa, sina nguvu ya kuelekeza watu." Akawatazama wageni. "Labda unipe ahadi. Kwa sauti, wageni wasikie."

Tepu zikasimama.

"Naahidi," akasema mkurugenzi, "kwamba Tume itaangalia uwezekano wa kumrejesha mbuzi wako."

"Wangu yupi? Mie sifugi."

Dokta Wakil akageuza jicho moja kunitafuta, nimsaidie neno. Nikaangalia nazi.

"Mbuzi yako," akasema, akiiambia sakafu. "Yako, Bi Mwanakheir. Leo hii, kabla ya alasiri, nitaibeba mwenyewe mpaka Michenzani, kwa mgongo huu huu."